Neno "check": mfalme, hundi na kucheki. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kutafsiri: fomu, vipeperushi vya afya, mikataba, na mara moja moja manukuu ya filamu. Neno la Kiingereza ninaloulizwa kuliko yote ni hili dogo, "check". Kila mtu anaamini analijua kwa sababu analo mdomoni kutwa nzima: nicheki baadaye, hebu icheki hiyo, umecheki mechi? Kumbe tulichokiazima ni kipande kidogo tu, tena cha mwisho kuzaliwa. Maswali haya nimeyapata kwa wanafunzi, kwa wafasiri wenzangu na kwa wateja waliokuwa wakali kidogo. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa.

"Check" maana yake nini hasa?

Inategemea umelikuta wapi. Kwenye ubao wa sataranji ni onyo kwamba mfalme wa mwenzako yuko hatarini. Benki ya Marekani ni hundi, na mgahawani huko huko Marekani ni bili. Kwenye fomu ni alama ya vema. Kwa fundi cherehani ni kitambaa cha miraba, kile tunachokiita cha drafti. Kwenye hoki ya barafu ni kumgonga mpinzani kwa bega umpunguzie mwendo. Katika maandishi ya siasa ni kizuizi kinachomfanya mwenye madaraka asijifanyie anavyotaka. Na katika Kiingereza cha kila siku ni kuangalia kama jambo liko sawa, ambayo ndiyo maana tuliyoichukua sisi.

Zote hizo zimetoka kwenye shina moja. Shina lenyewe ni mfalme.

Mfalme? Wa wapi?

Wa Uajemi. Neno la Kiajemi la mfalme ni "shah". Mchezo wa sataranji ulianzia India, ukaitwa kwa Kisanskriti "chaturanga", yaani vikosi vinne: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Wahindi wakawapa Waajemi. Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 wakauchukua na mchezo, jina likawa "shatranj", na ndilo lililotufikia huku Pwani kama sataranji. Kutoka kwa Waarabu mchezo ukaingia Ulaya kupitia Hispania na Sisilia.

Sasa, mchezaji akimtishia mfalme wa mwenzake alitakiwa kumwonya kwa sauti: "Shah!" Yaani, mfalme wako huyo, mwangalie. Wafaransa wa zamani wakalitamka "eschec", Waingereza wakalipokea kutoka kwa Wafaransa, wakakata kichwa chake, likabaki "check". Wingi wa neno la Kifaransa, "eschecs", ndio uliogeuka kuwa "chess", jina la mchezo wenyewe kwa Kiingereza. Kwa hiyo "chess" kwa asili ni wingi wa "check", na mchezo mzima unaitwa "wafalme".

Anayeona ajabu ukelele kugeuka neno aende Lamu au Mji Mkongwe, akutane na mpagazi mwenye mzigo kwenye kichochoro. Atamsikia: "Simile! Simile!" Asili yake ni bismillahi. Hamali alitaja jina la Mungu akijitwika, watu wakajua wakisikia hivyo wapishe, na leo simile ni neno kamili kamusini lenye maana ya "pisheni njia". "Check" limezaliwa hivyo hivyo. Mtu alikuwa anapaza sauti tu.

Basi "checkmate" ni "mfalme amekufa"? Ndivyo tulivyofundishwa.

Wengi tumefundishwa hivyo. Maneno ya Kiajemi ni "shah mat". Mwarabu akiisikia "mat" anasikia "mata", amekufa, shina lile lile lililotupa sisi maiti na mauti. Ukiifuata njia hiyo, mchezaji wa Kiingereza anapomfunga mwenzake anatamka neno ambalo ni binamu ya maiti yetu.

Lakini wapo wanaolisoma kwa Kiajemi chenyewe, ambako "mat" ni kukwama, kuishiwa, kubaki bila la kufanya. Mimi niko upande huo, kwa sababu ya mchezo wenyewe. Katika sataranji mfalme hauawi hata siku moja. Askari wanaliwa, farasi wanaliwa, lakini mfalme anabanwa tu kwenye kona mpaka hana pa kukanyaga, mchezo unaishia hapo. Kumwita amekufa ni kumzika mtu anayepumua.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama hii "mate" ndiyo ile ya Waaustralia wanayoitana kirafiki. Hapana. Ile ya urafiki ni ya Kijerumani cha kaskazini, na mwanzoni ilikuwa mtu mnayekula naye chakula kimoja.

Mwalimu, na "shaha wa malenga" je? Ni shah huyo huyo?

Ndiye. Shaha kwa Kiswahili ni mfalme wa sataranji, na watu wa ushairi wakamchukua wakampa kiti chao: shaha wa malenga ni bingwa wao, anayekaa juu ya watunzi wengine. Sisi tuliletewa neno hilo na bahari, Waingereza waliletewa na Wafaransa. Kwa hiyo ukisema "shaha" na Mwingereza akasema "check", mmetaja neno moja lililopita njia mbili.

Kuna na shaha la mnazi, ule moyo mweupe laini wa kileleni unaoliwa mnazi ukikatwa. Hilo nisilitie humu.

Mfalme aligeukaje kuwa kuzuia, halafu kukagua? Naona ni mbali mno.

Hapa ndipo penye kazi, maana ukipaelewa hapa mengine yote yanajifungua.

Angalia kinachotokea ubaoni. Ulikuwa na mipango yako: farasi wako anaelekea kulia, umebakiza hatua mbili umle mtu. Mwenzako anasema "check". Mipango yote inasimama. Kwa sheria ya mchezo huruhusiwi kufanya kingine chochote mpaka umwokoe mfalme: umhamishe, umkinge, au umle anayemtishia. Kwa hiyo "check" machoni pa mchezaji ni kusimamishwa ghafla. Lilipoingia Kiingereza katika karne ya 14 halikukaa ubaoni muda mrefu, likatoka na maana hiyo: farasi aliyevutwa hatamu amepata "check", na jeshi lililokwamishwa njiani vilevile.

Kutoka kusimamisha ni hatua moja kufika kuzuia na kudhibiti. Ndiyo "checks" ya wanasiasa wanapoisifia Katiba ya Marekani ya mwaka 1787: Bunge, Rais na Mahakama kila mmoja ana hatamu ya mwenzake mkononi. Sisi tunasema mihimili inadhibitiana, na tafsiri hiyo ni nzuri, sijaona iliyoishinda.

Na ukitaka kuzuia wizi au kosa unafanyaje? Unalinganisha. Unachukua hesabu ya huyu unaiweka kando ya hesabu ya yule uone kama zinakubaliana. Hapo kizuizi kinageuka ukaguzi. Maana hiyo ya kuhakiki ilishika katika karne ya 17, na ile ya kuangalia tu, kutupia jicho, ikaja nyuma yake kabisa. Ya mwisho kuzaliwa ndiyo iliyopanda meli kuja kwetu.

Madhara yake nimeyaona kwa macho. Niliwahi kupewa kipeperushi cha afya kilichokwisha kutafsiriwa nikipitie kabla ya kuchapwa. Kwa Kiingereza kiliwataka wanakijiji wasaidie "to check the spread" ya kipindupindu. Mfasiri alikuwa ameandika: "Tushirikiane kuangalia kuenea kwa kipindupindu." Nilikisoma mara mbili. Kijiji kizima kikae barazani kiangalie ugonjwa unavyopita! Kilichotakiwa ni kuzuia. Mfasiri hakuwa mvivu, alikuwa na "cheki" ya mtaani kichwani na hakujua kwamba neno hilo lina babu. Tangu hapo nikiliona kwenye maandishi ya afya au ya vita najiuliza kwanza: hapa panasimamishwa kitu au panatazamwa kitu?

Kwa nini waziri wa fedha wa Uingereza anaitwa "Chancellor of the Exchequer"? Hiyo "chequer" ni hii hii?

Ni hii hii, na kisa chake ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Baada ya mchezo kuitwa "eschec", ubao wake uliitwa "eschequier". Sasa nenda Uingereza ya karne ya 12, chini ya wafalme wa Kinormani. Mara mbili kwa mwaka, Pasaka na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba, masherifu wa majimbo walipaswa kuja kutoa hesabu ya mapato ya mfalme. (Sheriff wa Kiingereza hana undugu na sharifu wetu. Yule ni msimamizi wa jimbo tu, hana nasaba ya kujivunia.) Hesabu za wakati huo ziliandikwa kwa tarakimu za Kirumi, na fedha yenyewe ilikuwa ya kuumiza kichwa: peni 12 zinafanya shilingi, shilingi 20 zinafanya pauni. Jaribu kujumlisha hizo kwa X na V na I.

Kwa hiyo walihesabu kwa vitu. Paliwekwa meza ya urefu wa futi 10 na upana wa futi 5, yenye ukingo wa kimo cha vidole vinne ili vitu visianguke. Juu yake kilitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari iliyokigawa katika safu: safu ya peni, ya shilingi, ya pauni, ya makumi mawili, ya mamia, ya maelfu. Ofisa alikaa akisogeza vidonge vya kuhesabia kwenye safu hizo, upande huu deni la sherifu, upande ule alicholeta, kila mtu akiona. Hata asiyejua kusoma aliweza kufuata.

Kutoka mbali meza ile ilifanana na ubao wa sataranji, wakaiita hivyo, na kutoka meza jina likahamia kwenye ofisi nzima. Haya yameandikwa na mtu aliyekuwa ndani, Richard FitzNeal, mweka hazina wa mfalme Henry wa Pili, aliyekieleza chombo hicho katika miaka ya 1170. Na amekieleza kwa maswali na majibu, mwanafunzi akiuliza na mwalimu akijibu, kwa hiyo ukurasa huu una wazee wake. Mwanafunzi anauliza jina limetoka wapi. Mwalimu anamjibu kwamba si umbo la meza peke yake: kama wafalme wanavyopambana kwenye sataranji, ndivyo mweka hazina na sherifu wanavyopambana pale, mbele ya watazamaji. Aliyewahi kukaa mbele ya mkaguzi wa ndani na mafaili yake mkononi hahitaji maelezo zaidi.

Kenya neno hilo bado linafanya kazi ya kila siku. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaja "National Exchequer Account", akaunti iliyoko Benki Kuu ya Kenya ambamo fedha za serikali huingia kabla ya kugawiwa, na kaunti nazo zina zao. Gavana anapolalamika kwamba pesa za "exchequer" zimechelewa, analalamikia kitambaa cha miraba cha karne ya 12.

Na hundi? Mbona wengine wanaandika "cheque" na wengine "check"?

Anza na kijiti. Hazina ile ya kitambaa ilitoa stakabadhi za mbao. Kijiti kilichongwa mikato kuonyesha kiasi, mkato mpana kwa fedha nyingi, mwembamba kwa kidogo, kisha kikapasuliwa katikati kwa urefu. Kila upande ulibaki na nusu ya kila mkato. Aliyelipa alipewa nusu ndefu, iliyoitwa "stock", hazina ikabaki na nusu fupi, "foil". Siku ya hesabu zinarudishwa pamoja: mikato ikikutana, kweli, isipokutana, kuna mtu amechonga usiku.

Karatasi ilipochukua nafasi ya kijiti, wazo lilibaki lile lile la vipande viwili vinavyothibitishana. Katika karne ya 18, "check" kilikuwa kile kipande kinachobaki kwenye kitabu baada ya kuchana hati ya malipo. Sisi tunakiita kishina, na sijui aliyelipata neno hilo alikuwa nani lakini alilenga, kwa maana "stock" ya Kiingereza nayo ni shina la mti. Kishina kiliitwa "check" kwa sababu kilizuia udanganyifu. Baadaye jina likaruka kutoka kwenye kishina likakaa kwenye karatasi inayochanwa, ambayo ndiyo hundi.

Tahajia ya "cheque" ni Waingereza walioivalisha neno nguo ya "exchequer", na ikazoeleka kwao katika karne ya 19. Wamarekani walibaki na "check". Tanzania, Kenya na Uganda tunaandika "cheque" tukiandika Kiingereza kwa sababu ya aliyetutawala, hamna sababu nyingine. Kwa mfasiri tofauti hiyo ni neema: "cheque" ina maana moja tu, ni hundi, unaendelea na kazi yako.

Vile vijiti mwisho wake ulikuwa mbaya. Viliachwa kutumika mwaka 1826, vikabaki malundo. Tarehe 16 Oktoba 1834 wakaamua kuvichoma kwenye tanuri zilizokuwa chini ya Bunge la Mabwana pale Westminster. Walivijaza mno, moto ukapanda kwenye mabomba ya moshi, na kufika asubuhi majengo ya mabunge yote mawili yalikuwa majivu. Bunge la London mnalolipiga picha leo lilijengwa baada ya moto huo.

Nimesoma kwamba "cheque" imetokana na "sakk" ya Kiarabu. Si kweli?

Inasambazwa sana, hasa na watu wa benki za Kiislamu, na inavutia. Sakk ni hati ya malipo, wingi wake ni sukuk, neno ambalo sasa wawekezaji wa kwetu wanalijua. Wafanyabiashara wa ulimwengu wa Kiislamu walikuwa na hati za namna hiyo karne nyingi kabla ya benki za London.

Lakini kitu kinaweza kutangulia kuwepo bila jina lake kuwa mzazi wa jina la pili. Upande wa Kiingereza tunaziona hatua zote zimeandikwa: kuzuia, kuhakiki, kishina, hundi. Hakuna pengo linalohitaji kujazwa na sakk. Sauti zinafanana, biashara inafanana, watu wakafunga ndoa ambayo haikuwahi kuwepo. Na anayetaka heshima ya Mashariki katika neno hili tayari anayo, shah mwenyewe anatosha.

Kwa nini basi sisi tunasema hundi?

Kwa sababu tulikuwa nayo kabla ya benki za Wazungu. Hundi ni neno la India, na ni karatasi ambayo mfanyabiashara mmoja humwandikia mwenzake wa mji mwingine: mlipe aliyeshika karatasi hii kiasi fulani. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, Maskati na Bombay walihamisha fedha hivyo, bila kubeba sarafu baharini. Benki zilipofika na karatasi yao, Mswahili akaitazama, akaona ni kitu anachokijua.

Mitaani watu wanasema cheki, ofisini wanaandika hundi, na zote mbili zinaeleweka. Ya Kenya inayorudishwa na benki kwa kukosa pesa inaitwa hundi hewa, na wallahi sijaona jina zuri zaidi la kitu hicho katika lugha nyingine.

Kaka, kwa nini Wamarekani wanaita drafti "checkers"?

Kwa ajili ya ubao, miraba 64. Waingereza waliuita mchezo huo "draughts", kutoka neno la kuvuta, kwa sababu unavuta kete, na hiyo ndiyo drafti yetu. Wamarekani wakautaja kwa ubao wake. Kinachochekesha ni kwamba katika drafti hakuna "check" hata moja. Mfalme yumo, tunamwita kingi, lakini anaweza kuliwa kama kizibo kingine chochote, na wala hakuna anayekuonya. Kaa kijiweni mchana mmoja, vizibo vya soda vimegeuzwa hivi na vile kwenye kipande cha ubao kilichochorwa kwa kalamu ya wino, uone kama kuna atakayekwambia mfalme wako yuko hatarini. Utaambiwa akishaliwa, na watazamaji wote watacheka.

Shati la drafti, bendera ya mwisho wa mbio za magari, shuka la Kimasai la miraba: Kiingereza chake chote kinatokana na ubao huo.

Fomu ya Marekani inasema "check one". Niandike nini?

"Weka alama ya vema kwenye jibu moja", au Kenya "tia tiki". Usiandike "angalia moja". Nimeshaona "angalia sanduku" kwenye fomu iliyotafsiriwa ya wakimbizi waliohamia Marekani, na mama aliyeletewa aliuliza sanduku lenyewe liko wapi. Alama hiyo iliitwa "check" kwa sababu ndiyo karani aliyoiweka kando ya kila kitu alichokwisha kuhakiki.

Na "check-in" ya uwanja wa ndege?

Ni kujisajili na kukabidhi mizigo. Reli za Marekani za karne ya 19 zilikuwa na vibati vya shaba viwili viwili vyenye namba moja, kimoja kinafungwa kwenye begi, kingine anapewa msafiri. Hicho kibati ni "check". Ukitazama kile kikaratasi wanachokubandikia nyuma ya tiketi, ni kijiti cha hazina kimezaliwa upya.

"Rain check" ni hundi ya mvua?

Hapana jamani. Ni kishina cha tiketi ya besiboli. Katika miaka ya 1880 Marekani, mvua ikivunja mchezo uliruhusiwa kurudi siku nyingine kwa kishina hicho. Sasa mtu akikualika chai ukasema unaomba "rain check", maana yake leo haiwezekani, uniwekee siku nyingine. Manukuu ya filamu yanaweza kusema tu "labda siku nyingine", inatosha.

Mimi ni wa Bujumbura, nimesoma kwa Kifaransa. "Échec" yetu ya kufeli ina uhusiano?

Ina uhusiano wa karibu kabisa. "Échec" ni "eschec" ileile, shah yule yule. Kwa Kifaransa kusimamishwa kuligeuka kushindwa, ndiyo maana mwanafunzi wa Bujumbura au Lubumbashi aliyefeli amepata "échec", na akienda kucheza sataranji anacheza "échecs", wingi wa kufeli. Na "chèque" ya benki Wafaransa wameiazima kwa Waingereza. Neno liliondoka kwao likiwa na kichwa, likarudi limekatwa, hawakulitambua.

Na nchi ya Ucheki?

Hapo hamna kitu. Wacheki wanajiita "Češi", mmoja wao ni "Čech", jina la watu tangu zamani. Kufanana kwa sauti tu.

Kucheki ni Kiswahili sanifu?

Mwalimu mkali atakukata alama, atakwambia angalia, tazama, kagua, hakiki. Mimi katika mkataba siiandiki, lakini katika manukuu ya filamu ya vijana naiandika bila kuona haya, maana kijana wa Nairobi au wa Temeke akisema "hebu tazama" utadhani ana miaka 60. Tena imeshanyambuka: nichekie, tumechekiana, gari limechekiwa. Neno linalonyambuka hivyo limeshapata uraia.

Tatizo lake ni moja, na ni la sarufi. Vitenzi vyetu vinavyoishia na a hubadili a kuwa i vikikanushwa katika wakati uliopo: anacheka, hacheki. Vile vya kuazima vinavyoishia na i havibadiliki: anacheki, hacheki. Kwa hiyo kicheko na ukaguzi vikikanushwa vinakutana. Juzi nimemtumia mwenzangu tafsiri ya kurasa 40 tuliyotakiwa kuikabidhi jioni, nikamuuliza kama mteja ameshaipitia. Akanijibu kwa maneno mawili: "Bosi hacheki." Nikakaa na simu mkononi nusu saa nzima sijui kama bosi hajaifungua kazi yetu, au ameifungua.